Michael Grzimek: Kijana Aliyehesabu Serengeti

Wanafunzi wenzangu, tukitaja filamu za wanyamapori tunawaza za kwenye runinga za siku hizi. Kumbe kuna kijana Mjerumani aliyepiga moja hapa kwetu kabla ya Uhuru, akafa akiwa na miaka 24. Mimi nina 22, na habari zake haziniachi.

Michael Grzimek alizaliwa Berlin mwaka 1934. Baba yake, Bernhard, alikuwa daktari wa mifugo, na vita ilipokwisha akawa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imebomolewa kwa mabomu. Baba aliandika kitabu kuhusu wanyama wa Afrika kukosa pa kuishi, kisha yeye na mwanawe wakakifanya filamu. Mwaka 1956 ikashinda tuzo kwenye tamasha la Berlin, na pesa ikaingia.

Hawakuila. Walitaka kununua ardhi ya kuongezea hifadhi ya Serengeti. Ila wakaambiwa kuna kazi ya haraka zaidi: serikali ya Mwingereza inataka kubadili mipaka ya hifadhi, na hakuna anayejua wanyama wako wangapi wala wanahamia wapi. Basi baba na mwana wakajifunza urubani, wakaruka kutoka Frankfurt hadi Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa michirizi ya pundamilia. Mwanzoni mwa 1958 walihesabu wanyama wapatao 367,000 kutoka angani. Wengine waliwafunga mikanda ya rangi shingoni ili wawafuatilie, wakaona kwamba nyumbu hawajali kabisa mistari iliyochorwa ofisini.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akirusha ndege peke yake. Ikagongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa. Baba akamalizia kazi. Filamu hiyo, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Michael alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba alipofariki mwaka 1987 majivu yake yakaletwa hapo hapo.

Ingeishia hapo ningesema ni shujaa, basi. Lakini mwaka ule ule wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai wakatakiwa watoke Serengeti wahamie huko pamoja na mifugo yao. Aliyeamua ni serikali ya kikoloni, siyo kijana mwenye kamera. Hata hivyo, Bernhard aliamini kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na mtu, hata mwenyeji, na filamu yao iliwafanya watu wengi wa Ulaya waipende Serengeti ya namna hiyo. Leo tunabishana kuhusu Ngorongoro na Msomera, na swali ni lile lile: nani ana haki ya kukaa na wanyama?

Sisi wa ualimu tutaulizwa hayo darasani. Mimi sitamficha Michael: alihesabu wanyama wakati hakuna aliyejua idadi yao. Nitawaeleza wanafunzi jinsi alivyohesabu. Kisha nitawapa ramani mbili, ya kabla ya 1959 na ya baada yake, waniambie mstari umesogea wapi, na maboma ya nani yalikuwa upande wa pili.