Henry Moseley, Aliyezithibitisha Namba za Elementi

Kila mwanafunzi wa kemia ameliona lile jedwali la elementi linalotundikwa ukutani katika maabara. Kila elementi ina namba yake: haidrojeni 1, kaboni 6, chuma 26, dhahabu 79. Twazikariri namba hizo kwa ajili ya mtihani, lakini ni wachache wajuao kwamba aliyezithibitisha ni kijana ambaye hakufikia hata umri wa miaka 28.

Henry Moseley alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa Weymouth, Uingereza. Baba yake, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, alikufa kabla mtoto hajatimiza miaka minne, akalelewa na mama yake. Alisoma Eton, kisha Oxford. Katika mtihani wake wa mwisho mwaka 1910 hakupata daraja la kwanza, alipata la pili. Hata hivyo hakuvunjika moyo. Mwaka ule ule alikwenda Manchester kufanya kazi chini ya Profesa Rutherford.

Mwaka 1911 Rutherford alionyesha kwamba katikati ya atomu mna kiini kidogo sana chenye chaji chanya, na elektroni zimekizunguka. Lakini chaji ya kiini ni kiasi gani? Hapo hapakuwa na jibu la hakika. Siku zile elementi zilipangwa hasa kwa uzito wa atomu zake, na mpango huo ulikuwa na kasoro. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, lakini kwa tabia yake yapasa itangulie.

Mwaka 1913 Moseley alianza kulichunguza jambo hilo kwa eksirei. Katika bomba lililoondolewa hewa aliweka reli na kigari kidogo, na juu ya kigari akapanga vipande vya elementi mbalimbali. Kwa kuvuta uzi wa hariri alikileta kipande kimoja baada ya kingine mbele ya mkondo wa elektroni. Kila kipande kilitoa eksirei zake, naye akazipiga picha na kuzipima. Alifanya kazi mchana na usiku.

Picha zile zilionyesha utaratibu wa ajabu. Kutoka elementi moja hata ya pili, vipimo vilipanda hatua moja, wala havikuruka. Kobalti ikawa ya 27, nikeli ya 28. Hatua hizo zilikuwa chaji ya kiini, yaani hesabu ambayo leo twaiita idadi ya protoni. Ni kama wanafunzi waliokuwa wakipangwa mstari kwa uzito wa miili yao, halafu mwalimu akaleta daftari la majina, kila mtu akasimama penye namba yake.

Mwaka 1914 aliendelea mpaka dhahabu, akakuta namba tatu hazina wenyewe: 43, 61 na 75. Alisema kwamba elementi hizo zipo ila hazijagunduliwa. Namba 75 ilipatikana mwaka 1925, namba 43 mwaka 1937, na namba 61 mwaka 1945. Zote tatu zilipatikana, lakini yeye hakuiona hata moja.

Mwezi wa Agosti 1914 vita kuu vilianza, vile vile vilivyofika mpaka Tanga na Taveta. Moseley alikuwa safarini kwenda mkutano wa wataalamu huko Australia. Aliporudi nyumbani jamaa zake walimsihi asiende vitani, asikubali. Akawa afisa wa simu katika jeshi, akapelekwa Gallipoli, nchi ya Uturuki. Tarehe 10 Agosti 1915 alipigwa risasi ya kichwa, akafa papo hapo. Kaburi lake halijulikani. Katika wosia wake aliacha mali yake isaidie uchunguzi wa sayansi.

Mwaka 1916 Lewis wa Marekani na Kossel wa Ujerumani walieleza jinsi atomu zinavyoungana kwa elektroni zake za nje. Hapo thamani ya namba zile ilizidi kuonekana. Sodiamu ni ya 11, basi elektroni zake hukaa 2, 8, 1. Klorini ni ya 17, nazo hukaa 2, 8, 7. Sodiamu hutoa ile moja, klorini huipokea, tukapata chumvi ya mezani.

Kazi kubwa ya Moseley ilichukua muda usiozidi mwaka mmoja. Angalifanya nini kama angaliishi miaka sitini au sabini? Hatutajua kamwe. Basi, mwanafunzi mwenzangu, utakapolitazama tena lile jedwali ukutani, mkumbuke kijana yule na uzi wake wa hariri.