Ambroise Paré, Mganga wa Askari

Hapo kale, huko Ufaransa, karibu na mji wa Laval, alizaliwa mtoto jina lake Ambroise Paré. Ilikuwa karibu mwaka 1510. Hakupata kujifunza Kilatini. Siku zile waganga wakubwa walisoma vitabu vya Kilatini, lakini mikono yao hawakupenda kuitia katika damu. Kazi ya kupasua majipu, kuunga mifupa na kufunga vidonda waliwaachia vinyozi. Msicheke, watoto! Kinyozi wa siku zile aliweza kumnyoa mtu ndevu, tena aliweza kumkata mguu kwa msumeno.

Ambroise alijifunza kazi hiyo, kisha akatumika karibu miaka 3 katika Hôtel-Dieu, hospitali kubwa ya Paris. Humo aliona wagonjwa wa kila namna.

Mwaka 1537 alifuata jeshi la mfalme François wa Kwanza mpaka Italia, upande wa Turin. Bunduki zilikuwa zimekwisha kuenea katika vita, na waganga walisadiki kwamba baruti inatia sumu katika kidonda. Ili kuiua sumu hiyo, walimimina mafuta yanayochemka ndani ya kidonda. Fikirini maumivu ya askari yule! Paré alikuwa kijana, hajaona vita bado. Akawatazama wenziwe wanavyofanya, naye akafanya vivyo hivyo.

Basi, siku moja majeruhi walikuwa wengi mno, mafuta yakamwishia. Afanye nini? Akachanganya viini vya mayai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka wale waliobaki. Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Aliogopa kwamba asubuhi atawakuta wote aliowanyima mafuta ya moto wamekufa kwa sumu, kwa sababu yake yeye. Kabla ya saa yake ya kuamka aliondoka, akaenda kuwatazama. Kumbe! Wale waliopakwa dawa ya mayai walikuwa wamelala vema, maumivu yao ni kidogo, vidonda havikuvimba. Lakini wale waliochomwa kwa mafuta walikuwa na homa, na vidonda vyao vimevimba, vinauma sana. Toka siku ile Paré akaazimu asiwachome tena maskini wale.

Tangu hapo alitaka kuona kila dawa kwa macho yake. Mtoto mmoja wa jikoni alianguka katika sufuria ya mafuta ya moto. Bibi mzee mmoja akamshauri Paré aponde vitunguu vibichi na chumvi, amwekee. Akajaribu. Kesho yake, pale palipowekwa vitunguu hapakuwa na malengelenge; pengine palikuwa nayo. Mtu mwingine angalisifu vitunguu mara moja, akaridhika. Paré alingoja. Baadaye askari mmoja aliungua uso kwa baruti. Upande mmoja wa uso Paré akaweka vitunguu, upande wa pili dawa ya siku zote, apate kulinganisha. Upande wa vitunguu ukawa mzuri kuliko wa pili. (Ninyi msiweke vitunguu juu ya kidonda cha moto. Leo tunajua kwamba maji safi ya baridi ni bora.)

Mwaka 1545 alitoa kitabu juu ya vidonda vya bunduki. Alikiandika kwa Kifaransa, ili vinyozi wenziwe wapate kukisoma.

Kazi yake kubwa kupita zote ilikuwa juu ya damu. Mtu akikatwa mguu, damu hububujika katika mishipa, naye hufa upesi. Waganga walizuia damu kwa kuchoma nyama kwa chuma chekundu cha moto, na wengi walikufa hata hivyo. Mwaka 1552, jeshi lilipouzingira mji wa Damvillers, mtu mmoja alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga. Paré akamkata mguu, akaishika mishipa kwa koleo, akaifunga kwa uzi mmoja mmoja. Chuma cha moto hakukitumia. Mtu yule akapona, akarudi kwao na mguu wa mti, akifurahi kwamba hakuchomwa. Hata leo waganga wanaopasua hufunga mishipa kwa uzi.

Paré aliwatumikia wafalme 4 wa Ufaransa. Lakini mwaka 1575, alipokusanya kazi zake zote katika kitabu kimoja kikubwa, mabwana wa chuo cha uganga cha Paris walikasirika. Kinyozi asiyejua Kilatini awafundishe wao! Walitaka kukizuia, wasiweze. Kitabu kikasomwa, kikapigwa chapa tena.

Hata uzeeni aliwafikiria wale waliokatwa viungo, akachora katika vitabu vyake mikono na miguu ya chuma yenye kukunjika. Alikufa Paris tarehe 20 Desemba 1590, naye alikuwa na miaka karibu 80.