Askofu Frank Weston: Mchungaji Aliyetembea na Wapagazi



Wazee wetu walituachia msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake mzigo ulio kichwani pa mtu mwingine huonekana mwepesi machoni petu, kwa kuwa shingo inayoumia si yetu. Msemo huu unafaa sana kukumbukwa na sisi tulio katika Kanisa, maana sisi tunahubiri Msalaba. Ni rahisi kumwambia mjane avumilie, mfanyakazi asiyelipwa asubiri, na mgonjwa ashukuru, huku sisi wenyewe tumeketi kivulini. Basi leo tutazame maisha ya mtu mmoja aliyeyajua mateso kwa kuyabeba, wala hakukubali kamwe kuyafanya mepesi mateso ya wengine. Mtu huyo ni Frank Weston, Askofu wa Zanzibar.

Frank Weston alizaliwa London, Uingereza, mwezi wa Septemba 1871. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1893 alifaulu katika daraja la kwanza kwenye elimu ya dini. Kijana mwenye akili kama hizo angeweza kubaki chuoni, akafundisha, akaandika vitabu na kuheshimiwa. Yeye alikwenda kufanya kazi Stratford, upande wa mashariki wa London, mahali pa watu maskini, vibarua wa viwandani na familia zilizobanana katika nyumba mbovu. Baadaye alitumika katika parokia moja ya Westminster. Mwaka 1898 aliingia katika Misheni ya Vyuo Vikuu, ile tuliyozoea kuiita UMCA, akaja Zanzibar.

Zanzibar aliyoikuta ilikuwa bado na kovu la utumwa. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na mahali pale Mkunazini Askofu Steere alikuwa amejenga kanisa kuu. Hata hivyo walikuwapo wengi waliozaliwa utumwani, na wengine waliokombolewa baharini wakiwa watoto, wakalelewa na Misheni. Weston alipewa kazi ya kufundisha. Mwaka 1899 alianzisha chuo cha Mtakatifu Marko huko Mazizini cha kuwaandaa Waafrika kuwa mapadre, na mwaka 1901 akawa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani. Sisi walimu tunalijua jina la Kiungani, kwa sababu kutoka pale walitoka walimu, mashemasi na mapadre wa kwanza waliopeleka elimu Bonde, Masasi, Newala hata Nyasa. Chuo hicho ndicho kilichohamia Minaki baadaye, yeye alipokwisha kufariki.

Kule Kiungani alijifunza Kiswahili vizuri, akaishi na wanafunzi wake. Jambo lililomsumbua ni umbali uliokuwapo kati ya wamisionari Wazungu na Waafrika waliokuja kuwatumikia. Aliona kwamba mtu hawezi kuwa mchungaji wa watu ambao maisha yao anayatazama dirishani. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya Kristo, akieleza jinsi Mwana wa Mungu alivyojiwekea mipaka kwa hiari yake, akaukubali udhaifu wetu, njaa yetu na kifo chetu. Ni fundisho lile lile la Mtume Paulo katika waraka wake kwa Wafilipi. Wataalamu walikisoma kitabu kile kwa ajili ya elimu yake. Lakini tukitazama maisha yake yaliyofuata, tunaona kwamba yeye alikichukua kama amri. Ikiwa Bwana alishuka, basi na mtumishi wake hana budi kushuka.

Mwaka 1908 alifanywa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilikuwa kubwa mno. Ilikuwa na visiwa, na tena sehemu kubwa za bara zilizokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, toka Bonde mpaka Masasi. Safari nyingi za bara alizifanya kwa miguu. Alianzisha pia chama cha masista, kikapewa jina la Mateso Matakatifu ya Bwana wetu. Masista hao walifundisha, wakauguza wagonjwa na kuwatunza wenye ukoma. Tuliangalie jina lile. Hakuwaita masista kwa jina la utukufu wala la ushindi. Aliwaweka chini ya Msalaba, na kutoka chini ya Msalaba akawatuma kwenye vitanda vya wagonjwa.

Mwaka 1914 vita kuu ilianza, nayo ikaikata dayosisi vipande viwili. Zanzibar ilikuwa chini ya Waingereza, bara chini ya Wajerumani. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa bara walizuiliwa na Wajerumani. Mapadre na walimu wa Kiafrika walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakapigwa na kutumikishwa. Baadhi yao walikufa kifungoni. Hawakuwa na askari wa kuwatetea wala magazeti ya kuandika habari zao, lakini waliishika imani. Tunapomsifu Askofu Frank tusiwasahau wale, maana wao walitangulia kulipa, na walilipa zaidi yake.

Katika vita ile jambo lililoua watu wetu wengi kuliko risasi lilikuwa upagazi. Majeshi yalipita porini pasipo barabara, na malori hayakuweza kufuata. Chakula, risasi, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa vichwani. Wanaume walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, wakatwikwa mizigo. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara, homa, njaa na uchovu, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Sisi tunapokwenda kununua bidhaa Kariakoo, Dar es Salaam, tunalitaja jina la kikosi kile cha wapagazi kwa Kiingereza, kama masikio ya watu wetu yalivyolisikia. Kambi yao ilikuwa pale.

Mwaka 1916 serikali ilitaka wapagazi kutoka Zanzibar. Askofu alikuwa na njia mbili zilizo rahisi. Angeweza kunyamaza na kusema kwamba vita si kazi ya askofu. Au angeweza kupanda mimbarani, akawahimiza watu waende wakavumilie kwa ajili ya mfalme, kisha akarudi nyumbani kwake kula. Hakufuata hata moja. Aliwakusanya wapagazi, akawaongoza mwenyewe, akapewa cheo cha meja katika jeshi. Akatembea nao bara, mguu kwa mguu, chini ya jua lile lile na mvua ile ile. Aliangalia kwamba wanapata chakula chao, kwamba mgonjwa hapigwi bali anatunzwa, na kwamba mtu haachwi njiani kama mzigo uliopasuka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu, na nguvu zile alizitumia kwa watu ambao jeshi liliwahesabu kwa mizigo yao tu.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo ningependa tulishike. Askofu Frank aliyapokea mateso yake, lakini hakukubali kwa urahisi mateso ya wengine. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi. Kuyapokea mateso yanayonifikia mimi kwa ajili ya Kristo ni fadhila. Lakini kuyapokea mateso ya jirani yangu kwa niaba yake, nikasema ni mapenzi ya Mungu, hiyo si fadhila. Mara nyingi ni uvivu uliovaa kanzu.

Jambo hilo lilionekana wazi vita ilipokwisha. Mwaka 1918 aliandika waraka mkali akieleza ukatili waliotendewa Waafrika chini ya Wajerumani. Waingereza waliupenda, maana ulimsema adui yao. Lakini mwezi wa Oktoba 1919 Gavana wa Kenya, Edward Northey, alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto kwa mashamba ya karibu. Kila mtu alijua himizo la chifu mbele ya ofisa wa serikali lina maana gani. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na kiongozi wa misheni ya Kiskoti, walitoa maoni yao. Walionya juu ya hatari zake, lakini walikuwa tayari kukubali kazi ya lazima kama ingewekwa chini ya sheria yenye mipaka.

Askofu wa Zanzibar hakuwa tayari. Mwaka 1920 alitoa kijitabu juu ya jambo hilo, na jina lake tu liliwachoma wengi, kwa kuwa liliwaita Waafrika wale watumwa wa mashamba wa Uingereza. Alisema kwamba kumlazimisha mtu kufanya kazi kwa faida ya mtu binafsi ni kinyume cha Injili, na tendo lililokuwa dhambi Mjerumani alipolitenda haliwi jema Mwingereza akilitenda. Wale waliomsifu miaka miwili nyuma sasa walimwona msumbufu. Hata hivyo hakuwa peke yake. Watu wengine wa Kanisa huko Uingereza nao walipaza sauti, na mwaka 1921 serikali ya London ilitoa agizo la kuwazuia maofisa wake wasiwaandikie walowezi vibarua. Shida za wafanyakazi hazikwisha siku ile, lakini mlango mmoja wa dhuluma ulifungwa.

Haifai kumfanya mtu malaika. Askofu Frank alikuwa na ulimi mkali. Mwaka 1913, baada ya mkutano wa misheni mbalimbali huko Kikuyu, aliwashtaki maaskofu wenzake wawili kwa uzushi kwa sababu ya mpango wao wa ushirikiano na Ushirika Mtakatifu uliofanyika pale. Ugomvi ule uliwaumiza wengi, nao ulisikika mpaka Uingereza. Lakini katika mkutano wa maaskofu wa Lambeth mwaka 1920, mtu huyo huyo alishiriki katika kazi ya kutafuta umoja, akaunga mkono wito ulioandikwa kwa Wakristo wote. Mtu mwenye nguvu anayeweza kuketi tena meza moja na wale aliogombana nao ni zawadi kwa Kanisa.

Mwezi wa Julai 1923 aliongoza kongamano kubwa la Wakristo wa Kianglikana huko London. Wengi walikuja kwa kuwa walipenda ibada nzuri, ubani, na heshima kwa Sakramenti. Yeye mwenyewe aliyapenda hayo kwa moyo wote. Lakini aliwafundisha kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu altareni ikiwa hawamhurumii Yesu yule yule katika vibanda vya maskini na katika wafanyakazi wanaonyonywa. Akawataka watoke pale wakamtafute Bwana kwa watu wasio na kitu, na wakimpata waiosha miguu yake.

Mafundisho hayo hayakutoka vitabuni tu. Yalitoka Stratford, Kiungani, na njia ya wapagazi. Kongamano lilipokwisha, angeweza kubaki Uingereza na kupata sifa. Alirudi kwetu. Alikuwa na nyumba huko Hegongo, karibu na Magila, katika nchi ya Bonde. Mwaka uliofuata alipatwa na jipu, sumu ikaingia katika damu, na katika siku zile dawa za kuua vijidudu namna hiyo hazikuwapo. Alifariki huko Hegongo tarehe 2 Novemba 1924, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Ndugu zangu, maisha haya yatufaidie nini? Pengine wewe ni mzee wa kanisa, au mama mwenye kiti wa umoja wa akina mama, au mwalimu, au baba mwenye nyumba. Kila mmoja wetu ana watu wanaobeba mizigo kwa amri yake. Kabla hatujawaambia wavumilie, tuulize kwanza mzigo ule una uzito gani. Je, tumewahi kuushika kwa mikono yetu? Je, msichana anayetupikia amekula? Katekista anayetembea vijiji vitatu kila Jumapili, je, kuna aliyewahi kutembea naye hata Jumapili moja? Na ukiwa mzigo ule haukutoka kwa Mungu bali umetwikwa na watu, je, tunao ujasiri wa kusema hivyo, hata kama watu wenyewe ni rafiki zetu?

Na yule ambaye leo anateseka kweli asidhani kwamba maneno haya yanamwondolea Msalaba. Yako mateso ambayo hakuna anayeweza kuyaondoa, kama ugonjwa usiopona, uzee na kufiwa. Katika hayo tunaitwa kuyapokea kwa imani, na Bwana aliyeyapokea kabla yetu yu pamoja nasi. Lakini asiachwe mtu ayapokee peke yake. Kazi ya mchungaji, na ya kila Mkristo, ni kutembea karibu naye.

Mungu, aliyemfanya Frank mtumishi wake kuwa mchungaji wa visiwa na bara, atupe nasi shingo za kubeba na mioyo ya kuona mizigo ya wenzetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.