Dkt. Charles Huggins: Aliyefichua Siri ya Homoni katika Saratani ya Tezi Dume

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwanaume wa Mikocheni anayepewa leo dawa za kuzuia homoni kwa ajili ya saratani ya tezi dume ananufaika na kazi ya Dkt. Charles Huggins.

Huggins alizaliwa Halifax, Kanada, tarehe 22 Septemba, 1901. Alihitimu udaktari Harvard mwaka 1924, kisha mwaka 1927 akajiunga na Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Mwaka 1941, yeye na Clarence Hodges walibainisha kuwa saratani hiyo hustawishwa na testosteroni, homoni ya kiume itokayo zaidi kwenye korodani. Korodani zilipoondolewa, wagonjwa wengi ambao saratani ilikwishafika kwenye mifupa walipata nafuu.

Hata hivyo, kwa wengi ugonjwa ulirejea. Huggins akageukia tezi zilizo juu ya figo, ambazo nazo huzalisha homoni za aina hiyo, na mwaka 1945 alichapisha matokeo ya kuziondoa. Tafiti za baadaye zilionesha kuwa uvimbe wenyewe huweza kujitengenezea testosteroni papo hapo ulipo. Kwa hiyo, homoni huweza kupungua katika damu huku saratani ikiendelea kukua.

Huggins alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akafariki dunia Chicago tarehe 12 Januari, 1997. Kazi yake inawakumbusha wagonjwa kuwa kupata nafuu si kupona. Kliniki isiachwe bila ushauri wa daktari.