Bibi Chesham na Mfuko wa Maendeleo



Wewe unayeishi Matogoro huna haja ya kufundishwa thamani ya maji. Milima iliyo karibu nawe ndiyo chimbuko la mto Ruvuma. Maji hayo yanaanza hapa kama kijito, kisha yanasafiri mpakani mwa Tanzania na Msumbiji mpaka Bahari ya Hindi. Lakini unajua pia kwamba kuwa na mlima wenye maji si sawa na kuwa na bomba kijijini. Katikati kuna kazi. Lazima mtaro uchimbwe. Lazima mabomba na saruji vinunuliwe. Wananchi wana mikono ya kuchimba. Lakini fedha za kununua mabomba zitatoka wapi?

Katika sura hii utasoma habari za mwanamke mmoja aliyelishughulikia swali hilo kwa miaka mingi. Aliwahi kuwa mbunge wa nchi yetu. Jina lake ni Marion Chesham.

1. Kutoka Marekani mpaka Iringa

Marion alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Philadelphia, nchini Marekani. Mwaka 1938 aliolewa na Mwingereza aliyekuwa na cheo cha kurithi, Lord Chesham. Kwa desturi ya Waingereza, mke wa mtu kama huyo huitwa Lady. Ndiyo sababu watu wengi walimfahamu kwa jina la Lady Chesham. Sisi hapa tutamwita Bibi Chesham.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Bwana na Bibi Chesham walikaa katika Nyanda za Juu za Kusini, upande wa Iringa. Ukitoka Songea, ukapita Njombe na Makambako, unafika huko. Walowezi wengine wa Kizungu nao walikuwa na mashamba katika nchi hiyo ya baridi.

Mwaka 1952 Bwana Chesham alifariki. Bibi Chesham akabaki mjane katika nchi ya ugeni. Angeweza kurudi kwao, lakini aliendelea kukaa Tanganyika.

2. Uchaguzi wa kura tatu

Mwaka 1954 chama cha TANU kilianzishwa. Kiongozi wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. TANU ilidai uhuru. Walowezi wengi waliogopa. Walidhani kwamba Waafrika wakishika serikali, watu wa rangi nyingine watafukuzwa. Mwaka 1956 kikaundwa chama kingine, UTP, ambacho Serikali ya kikoloni ilikipenda.

Kisha ukaja uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Ulifanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na mwaka 1959. Uchaguzi huo haukuwa kama huu tunaoujua. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu. Kila mpiga kura alitakiwa apige kura tatu, moja kwa kila kiti. Waafrika walikuwa mamilioni na Wazungu walikuwa wachache sana, lakini viti vyao vilikuwa sawa.

Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya kiasi cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe na cheo fulani. Fikiri juu ya jambo hili, msomaji. Mkulima asiyekuwa na kisomo, mwenye jembe lake na ekari zake mbili, hakuwa na kura katika nchi yake.

Wanachama wengi wa TANU walikasirika. Wengine walitaka chama kisusie uchaguzi huo. Katika mkutano wa Tabora, mwezi wa Januari mwaka 1958, walijadili kwa siku kadhaa. Mwisho walikubali kuingia katika uchaguzi, na kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubali kwamba nchi hii ni ya watu wote na kwamba uhuru ni lazima uje.

Bibi Chesham alikuwa mmoja wa Wazungu hao. Kwa mlowezi, hilo halikuwa jambo dogo. Wale waliokuwa majirani na marafiki zake walikuwa na hofu, na yeye alisimama upande ule waliouogopa. Aliungwa mkono na TANU, akachaguliwa. Katika uchaguzi ule, TANU na watu waliosimama pamoja nayo walipata ushindi mkubwa.

3. Uhuru na uraia

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Baraza la zamani likawa Bunge. Bibi Chesham akawa mbunge katika Bunge hilo. Wanawake walikuwa wachache sana ndani yake. Baadhi yao walikuwa Bibi Titi Mohamed, Lucy Lameck, Sophia Mustafa na Barbro Johansson.

Baada ya uhuru, kila mgeni aliyetaka kukaa hapa alikuwa na jambo la kuamua. Sheria haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Kama alitaka kuwa Mtanganyika, ilimpasa auache uraia wake wa zamani. Bibi Chesham alichagua kuwa raia wa nchi hii.

4. Kazi isiyokwisha kwa kukosa saruji

Mwezi wa Januari mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya Waziri Mkuu ili akajenge chama na kuwaandaa wananchi kwa kazi. Mahali pake pakachukuliwa na Rashidi Kawawa, mzaliwa wa upande huu wetu wa Songea. Wito wa wakati huo ulikuwa Uhuru na Kazi.

Wananchi waliitikia. Kila mahali watu walijitolea. Walifyatua matofali, walipasua mawe, walilima barabara, walijenga madarasa na zahanati. Hawakulipwa mshahara.

Lakini likatokea tatizo. Ukuta wa matofali mabichi unahitaji paa. Kama mabati hayajapatikana, mvua za masika zitaubomoa. Kisima kinahitaji saruji. Mtaro wa maji bila mabomba hujaa udongo tena. Vijiji vingi vilianza kazi kwa bidii, kisha vikakwama kwa kukosa vitu vichache vya kununua kwa fedha. Na kazi ikikwama, watu huvunjika moyo. Ukiwaita tena mwaka wa pili, hawaji.

Kwa ajili hiyo, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere na Bibi Chesham walianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Unajulikana kwa herufi CDTF. Mfuko huo si mali ya mtu mmoja. Ni amana. Maana yake ni kwamba fedha hukabidhiwa wadhamini, nao huzitumia kwa kazi ile tu iliyokusudiwa.

Njia ya kusaidia kazi za kujitolea ni rahisi kuielewa. Tuseme kijiji kinataka maji. Wanakijiji wanakutana na kukubaliana. Wanachimba mtaro, wanaleta mchanga na mawe. Hiyo ndiyo sehemu yao. Mfuko unasaidia kupata vile ambavyo kijiji hakiwezi kuvitengeneza chenyewe, kama mabomba na saruji. Hivyo msaada unaikuta kazi imeshaanza. Haufanyi kazi mahali pa wananchi.

5. Kubisha hodi ugenini

Mfuko mtupu haumsaidii mtu. Ilibidi fedha zitafutwe. Kazi hiyo aliifanya Bibi Chesham. Alisafiri Uingereza na Marekani, akazungumza na watu na vyama vya hisani, akaomba michango kwa ajili ya vijiji vya Tanganyika.

Pengine utasema kuomba ni kazi rahisi kwa mtu mwenye jina kubwa. Fikiri tena. Mtu wa mbali hajapata kuona kijiji chako. Hamjui mwenyekiti wako. Anataka kujua kama fedha zake zitafika kwenye bomba au zitapotelea njiani. Anayemwomba anaweka jina lake rehani. Fedha zikipotea, hatasikilizwa tena atakaporudi. Kwa hiyo kila kijiji kilichomaliza mradi wake kilimpa Bibi Chesham neno la kusema mahali pengine. Na kijiji ambacho kingeacha saruji igande stoo kingemfunga mdomo.

Bibi huyu alikuwa mbunge, na alikuwa na cheo cha Lady. Vyeo hivyo alivitumia kama funguo za kufungulia milango, ili aombe mabati na mabomba kwa watu ambao hangewajua kwa majina.

6. Baada yake

Bibi Chesham alifariki mwaka 1973. Alikuwa amefikia umri wa miaka 70 hivi. Mfuko haukufa pamoja naye. Uliendelea kusaidia miradi ya maji, shule na afya katika sehemu mbalimbali za Tanzania, kwa miaka mingi baada ya waanzilishi wake wote wawili kuondoka. Hiyo ndiyo faida ya kuiweka kazi katika chombo chenye wadhamini na hesabu. Mtu hufa, chombo hubaki.

Sasa, msomaji, wewe umejifunza kusoma na kuandika. Katika kijiji chako kuna kamati. Kuna daftari la michango. Kuna hati ya kupokelea mifuko ya saruji. Zamani uliweka dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Leo unaweza kusoma idadi ya mifuko iliyoandikwa, kisha uende stoo ukaihesabu. Mtu aliyetoa fedha yake mbali, na jirani yako aliyechimba mtaro juani, wote wawili wanalindwa na kalamu yako.

Maswali ya kujadili darasani

1. Bibi Chesham alizaliwa wapi, na kwa nini aliitwa Lady?
2. Eleza uchaguzi wa kura tatu. Kwa nini wanachama wengi wa TANU waliuchukia?
3. Kwa nini kazi nyingi za kujitolea zilikwama?
4. Taja mradi mmoja wa kijiji chako. Wananchi wanaweza kutoa nini? Ni vitu gani lazima vinunuliwe?
5. Nani anatunza daftari la michango kijijini kwenu? Mara ya mwisho lilisomwa lini mbele ya mkutano?
6. Andika barua fupi ya kuomba msaada wa mabomba. Eleza kwanza kazi ambayo kijiji kimekwisha kuifanya.