Mzee Bell: jamaa aliyesokota waya unaokuletea intaneti

Wadau, tukisikia jina Alexander Graham Bell wengi tunawaza simu tu. Lakini kuna kazi yake nyingine ambayo huenda iko chini ya meza uliyokalia sasa hivi: nyaya mbili mbili zilizosokotwa.

Bell alizaliwa Edinburgh, Scotland, Machi 3, 1847. Mama yake alikuwa hasikii vizuri. Ndugu zake wawili walikufa kwa kifua kikuu, na mwaka 1870 wazazi wakamhamishia Canada wakihofia naye asiwafuate. Mwaka uliofuata akaenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi. Huko alimpata Mabel Hubbard, mwanafunzi wake asiyesikia tangu utotoni, wakaoana mwaka 1877.

Usiku alikuwa akihangaika na swali moja: simu za maandishi nyingi zitapitaje kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja bila kuvurugana? Katika kuhangaika huko ndipo akaipata simu ya sauti, na hati ya uvumbuzi akapewa Machi 7, 1876. Kesi zilikuwa nyingi, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi mwaka 1888.

Tatizo likawa kelele. Simu za mwanzo zilitumia waya mmoja, umeme ukirudi kupitia ardhini, hivyo zilinasa kila vurugu za nyaya za jirani. Dawa ya Bell, yenye hati ya Julai 19, 1881: tumia nyaya mbili, uzisokote pamoja. Kelele ikija inazipiga zote sawasawa, na mwishoni inajifuta yenyewe. Rahisi hivyo!

Sasa njoo ofisini. Kebo ya mtandao ina nyaya 8, yaani jozi 4. Mtandao wa megabiti 10 au 100 unatumia jozi mbili tu: waya 1 na 2, 3 na 6. Ndiyo maana mafundi wengi walizitumia jozi mbili zilizobaki kwa laini ya siriali ya printa au mashine ya zamani. Inawezekana, ila usivunje jozi. Waya wa kutuma data usokotwe na wa ardhi, wa kupokea vilevile. Ukichukua waya mmoja hapa na mwingine kule, faida ya mzee Bell imekufa. Na weka alama kwenye soketi, maana volti za siriali zinaweza kuua kadi ya mtandao. Ukihamia gigabiti moja, ujanja huo basi: jozi zote 4 zina kazi.

Tusimpambe kupita kiasi. Bell alipinga viziwi kufundishwa kwa lugha ya alama, akitaka wajifunze kutamka. Viziwi wengi mpaka leo hawajamsamehe, na wana haki. Aliyeunganisha watu kwa waya aliwabana wengine wasiongee kwa mikono yao.

Alifariki Agosti 2, 1922, huko Nova Scotia, Canada. Siku ya maziko, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja. Mkewe, ambaye hakuwahi kuisikia simu hata siku moja, alimfuata miezi michache baadaye.

Haya wadau, mnamkumbuka kwa lipi: waya au mikono iliyozuiwa? Mwageni maoni hapo chini.