Shekhar Mehta, dereva aliyefukuzwa kwao akaitawala Safari Rally

Hapa Gungu, masika yakikolea, kila mmoja wetu ameshaona gari lililokwama: gurudumu moja la nyuma linazunguka na kurusha tope, la pili limetulia kana kwamba halihusiki. Mara nyingi kosa si la injini, ni tabia ya difu ya kawaida. Leo tunamwangalia mtu aliyejijengea jina kwenye barabara za namna hiyo, Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa. Alianza mashindano akiwa na miaka 21, akiendesha BMW. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika East African Safari Rally kwa gari aina ya Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama lake.

Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Mehta akahamia Kenya. Mwaka huohuo sisi wa Kigoma tulipokea wakimbizi wengi waliokimbia mauaji Burundi, kwa hiyo hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kuacha nyumba na kuanza upya ugenini.

Miezi michache baadaye, Pasaka ya 1973, Mehta alirudi barabarani na 240Z, pembeni yake akiwa Lofty Drews. Mbio zilipokwisha, pointi zake za adhabu zilikuwa sawa kabisa na za Harry Källström wa Sweden, naye akiwa na Datsun. Kanuni ya kuvunja sare ikampa Mehta ushindi wake wa kwanza.

Kisha akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akisaidiwa na Mike Doughty. Mara zote 5 alikuwa na gari la Datsun linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Hapo ndipo difu inapokuwa na kazi kubwa.

Difu huyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, maana kwenye kona la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Lakini ile ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Gurudumu lililo kwenye utelezi likihitaji nguvu kidogo tu kuzunguka, na lile la pakavu hupata kidogo hichohicho. Gari haliendi.

Magari ya mashindano ya aina hiyo hufungwa difu ya kuzuia mtelezo, ambayo mafundi huiita LSD. Aina moja ina sahani za klachi ndani. Gurudumu moja likitaka kulizidi jingine mbio, sahani hubanana na nguvu nyingi zaidi huenda upande wenye mshiko. Haifungi magurudumu kabisa kama difuloki, hivyo gari bado hukata kona. Lakini ikikazwa mno, pua ya gari hugoma kugeuka, na sahani huisha kama breki zinavyoisha.

Safari ya miaka ile ilikuwa na takriban kilomita 5,000 za vumbi, mawe na matope. Wenye kasi zaidi waliishia njiani mara nyingi. Mehta alijua kulitunza gari mpaka mwisho, na hilo halifungwi na fundi yeyote.

Mwaka 1987 aliumia vibaya katika mbio za Pharaohs nchini Misri, na huo ukawa mwisho wa udereva wake wa mashindano. Baadaye aliongoza kamisheni ya rali ya FIA, chombo kinachosimamia mchezo huo duniani. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006. Orodha ya washindi wa Safari inamwandika kama dereva wa Kenya, nchi iliyompokea.